Kicheko na Hofu katika Filamu ya Supahiro: Mwongozo Kamili kwa Anayetengeneza Filamu Fupi Kisumu

Skripti za supahiro ninazoletewa na vijana hapa Kisumu huwa za aina mbili. Kuna ile ambayo kila mtu amekunja uso tangu ukurasa wa kwanza: mvua inanyesha, baba ameuawa, shujaa amesimama juu ya ghorofa akiutazama mtaa wa Kondele kwa uchungu. Na kuna ile ya vichekesho vitupu, shujaa anatumbukia mtaroni, adui anaongea kwa puani, na ikifika mahali mtu anapaswa kufa hakuna anayejali. Waandishi wote wawili huniuliza waongeze nini. Wa kwanza anatafuta mizaha ya kupachika, wa pili anatafuta machozi.

Toni, yaani hisia inayotawala filamu, haipachikwi. Ukitaka ushahidi, tazama yaliyoipata filamu ya Justice League. Mwongozaji wake, Zack Snyder, aliiacha kazi hiyo mwaka wa 2017 baada ya kufiwa na bintiye, Joss Whedon akaletwa kumalizia, sini nyingi zikapigwa upya na mizaha ikachomekwa. Sinema zikaonyesha filamu mbili zilizofungwa kamba moja. Toleo la Snyder lililotoka 2021, la saa nne, unaweza kulipenda au kulilalia usingizi, lakini ni kazi ya mtu mmoja aliyejua anataka ujisikie vipi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kabla ya skripti na kuishia kwenye trela. Nimeulenga kwa filamu ya dakika 15 hadi 20, kamera moja au simu nzuri, waigizaji wachache, na mji ambao tayari unao. Nitatumia hadithi moja ya mfano kutoka hatua hadi hatua ili tusizungumze hewani.

Hatua ya 1: Tafuta kanuni moja inayochekesha na kutisha

Hatuna haja ya kuazima shujaa kutoka New York. Luanda Magere wa Kano alikuwa na mwili ambao mkuki haukupenya. Adui zake, watu ambao Wajaluo waliwaita Lang'o, walipochoka kushindwa vitani walimpa binti yao awe mkewe. Akaugua. Akamwambia mkewe asimchanje mwilini ili kumpaka dawa, bali akichanje kivuli chake. Wembe ulipogusa kivuli, damu ikatoka. Mke akatoroka kwenda kuwapasha watu wake, na katika vita vilivyofuata mkuki ukalengwa kivulini. Inasimuliwa kwamba Magere aligeuka jiwe, na watu wakawa wanalijia kunolea silaha zao.

Sasa mlete mjini. Ochieng' ni kijana wa bodaboda, steji yake iko Kondele. Panga halimkati. Pikapu ikimgonga, bampa ndiyo inayopinda. Lakini kivuli chake kina uchungu: ukikikanyaga anaruka, ukikichoma anatoka damu.

Ona kanuni hiyo inavyozaa vichekesho bila kulazimishwa. Ochieng' hapaki pikipiki juani. Anagombea nafasi chini ya daraja la Kondele kana kwamba amelipia kodi. Anatembea na mwavuli siku ya kiangazi. Abiria wakipanga foleni nyuma yake anacheza ngoma isiyoeleweka ili wasikikanyage kivuli. Jikoni, dadake mdogo Adhiambo anaangusha mwiko wenye ugali moto juu ya kivuli cha kakake na jitu lisilokatwa kwa panga linalia kama mtoto.

Kanuni hiyohiyo, bila kubadilisha hata neno, inatisha. Jioni kivuli hurefuka hadi kuvuka barabara, na lori linakuja. Usiku mtu akikumulika kwa taa za gari, kivuli chako hulala nyuma yako mahali usipoweza kukiona. Kumbe adui hahitaji bunduki. Anahitaji taa na msumari.

Iron Man ya 2008 ilifanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Kifaa kilicho kifuani mwa shujaa Tony Stark, kinachomweka hai, tunakutana nacho kwenye sini ya kuchekesha: Pepper anaingiza mkono kifuani mwa bosi wake kubadilisha kifaa, anatetemeka, anachukizwa, sisi tunacheka. Baadaye mshirika wake aliyemsaliti, Obadiah Stane, anampooza Stark na kukichomoa kifaa hicho taratibu huku akimsemesha kwa upole. Ni tundu lilelile. Sini ya kwanza ilitufundisha jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi tukiwa tumelegea, ndiyo maana ya pili haikuhitaji maelezo.

Fanya hivi. Andika udhaifu wa shujaa wako juu ya karatasi, ukunje karatasi katikati. Kushoto andika mambo matano ya kuchekesha yanayotokana na udhaifu huo, kulia matano ya kutisha. Upande mmoja ukikataa kujaa, badilisha udhaifu. Hasira, kwa mfano, ambayo vijana huipenda mno, hujaza upande wa kulia na kuacha wa kushoto mweupe.

Hatua ya 2: Amua kisichochekwa

Hii ndiyo hatua ambayo nyingine zote zinaitegemea, na ndiyo inayorukwa.

Mtazamaji wa huku hahitaji kufundishwa kwamba kicheko na msiba hukaa nyumba moja. Usiku wa matanga watu hukesha na muziki, na mzee akishika maikrofoni kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa akikwepa wenye madeni, boma zima hucheka, mjane akiwemo. Lakini jeneza linapoteremshwa kaburini hakuna anayethubutu. Hakuna aliyetangaza sheria hiyo; kila mtu anajua mpaka uko wapi. Filamu yako inahitaji mpaka wa namna hiyo, na ni wewe utakayeuchora.

Chagua kitu kimoja ambacho hakuna mtu kwenye filamu atakichekea, wala kamera, wala muziki. Kimoja. Ukichagua vitano utarudi kwa yule wa mvua na ghorofa.

Guardians of the Galaxy ya 2014 hucheka kila kitu: majina ya watu, vita, kifo, hata siku ya kuokoa ulimwengu, ambapo shujaa anacheza dansi mbele ya adui. Kifo cha mama wa shujaa huyo, Peter Quill, hakiguswi. Filamu inaanza hospitalini, mtoto anashindwa kumshika mamake mkono. Mara miaka 26 imepita na Quill anacheza dansi peke yake kwenye sayari iliyokufa, na tunacheka, ila muziki anaochezea ni kanda aliyorithi kwa mamake. Kicheko kimembeba marehemu mgongoni. Na mkono ule ambao hakuushika unarudi mwishoni.

Linganisha na Thor: Ragnarok ya 2017. Naipenda filamu hiyo na nimeitazama zaidi ya inavyostahili. Lakini Asgard, nyumbani kwa watu hao wote, inapolipuka mbele ya macho ya wakimbizi wake, Korg anasema mji unaweza kujengwa tena mradi misingi ipo, misingi inalipuka, naye anaomba radhi. Sinema nzima inacheka na huzuni inayeyuka papo hapo. Mtu aliyewahi kuona nyumba ikibomolewa na tingatinga hatacheka hapo, au atacheka na kujishangaa.

Katika hadithi yetu kisichochekwa ni nini? Si uchungu wa Ochieng'. Huo ndio mtaji wetu wa vichekesho. Ni hatia ya Adhiambo. Msichana wa miaka 12 anasimulia sokoni Kibuye kisa cha mwiko na ugali, wenzake wanavunjika mbavu, naye anaongeza chumvi. Nyuma yake amesimama mtu wa Mdhamini, yule tajiri anayekopesha vijana pikipiki na kuzinyakua usiku. Siri imetoka kwa njia ya mzaha tuliouchekea wenyewe dakika sita zilizopita. Mke wa Magere alitumwa. Adhiambo alikuwa anachekesha tu. Kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kufanya utani juu ya alichofanya, hata Ochieng' mwenyewe akitaka kumpoza.

Hatua ya 3: Gawa ruhusa ya kuchekesha

Kosa la kawaida ni wahusika wote kuwa na ulimi mmoja, kila mtu ana jibu kali mfukoni. Katika filamu fupi watu watatu wakichekesha, kila mmoja awe na sababu yake.

Ochieng' anachekesha ili kuficha maumivu. Mhusika wa namna hii ana faida kubwa: siku atakayonyamaza, mtazamaji ataogopa bila wewe kutumia hata shilingi. Peter Parker, yaani Spider-Man, katika Avengers: Infinity War ya 2018 hafungi mdomo safari nzima, anatania hata mbele ya majitu. Anapoanza kugeuka majivu mikononi mwa Stark hana utani tena, ni mtoto anayeomba asife. Ile porojo yote ya awali ilikuwa inatuandalia kimya hicho.

Mama yao hachekeshi kwa makusudi. Ni muuza omena, anaamini mwavuli wa mwanawe ni dalili ya kurogwa au ya mapenzi, na anatafuta tiba ya vyote viwili kwa wakati mmoja. "Ochieng', nyathina, nimekupata mtu wa kukuombea Jumapili. Anatibu na wizi pia." Hasemi mzaha, ana wasiwasi wa kweli, ndiyo maana inachekesha. Na ndiyo maana sini ya mwisho anapokalia mchanga wa ufuko wa Dunga akimfunika mwanawe kwa mwavuli uleule hutahitaji kumwandikia maneno.

Adui je? Mara nyingi mwandishi humpa kicheko kirefu cha kishetani. Achana nacho. Mdhamini ni mtu mwenye adabu: "Pole, mwanangu. Hata mimi nina wa kulipa." Kama adui wako ni mcheshi, basi mzaha wake umgharimu mtu. Joker wa The Dark Knight, 2008, anawaahidi majambazi mazingaombwe ya kupoteza penseli, na penseli inapotea ndani ya kichwa cha mtu. Unacheka nusu, nusu ya pili inakukwama kooni. Kwenye filamu hiyohiyo Alfred na Lucius Fox, wasaidizi wa Batman, wana utani wa upole kabisa, na bila wao ungechoka na Gotham kabla ya nusu saa.

Neno moja kuhusu lafudhi, kwa kuwa limezidi. Mlinzi Mluhya anayevuta "ch", Mjaluo anayeparamia "sh", mhusika ambaye kazi yake nzima ni kutamka vibaya: huo ni uvivu, na kwenye filamu ya supahiro una madhara zaidi, kwa sababu mtu uliyemfanya kikaragosi hawezi kufa akaliliwa.

Hatua ya 4: Panga sini kwa jinsi zinavyoishia

Usijiulize sini hii ni ya kuchekesha au ya huzuni. Jiulize mtazamaji anatoka nayo na nini. Chukua vipande vya karatasi, sini moja kipande kimoja, na chini ya kila kimoja andika hisia ya mwisho tu. Vibandike ukutani kwa mpangilio. Ukiona vipande vinne mfululizo vinaishia kwa hisia moja, hapo ndipo mtu wako atatoa simu.

Hadithi yetu ingeenda hivi. Tunaanza mchana, steji ya Kondele, Ochieng' na mwavuli. Inaishia kwa kicheko. Mteja anataka kupelekwa Dunga saa kumi na moja jioni na Ochieng' anakataa pesa nzuri. Inaishia kwa swali. Jikoni, mwiko wa ugali, kicheko kikubwa kuliko vyote, lakini usikatie kwenye kicheko. Katia kwa Adhiambo akitazama tone la damu sakafuni, mahali ambapo kivuli kilikuwa. Usiku, rafiki wa Ochieng' ananyang'anywa pikipiki; hofu. Asubuhi Ochieng' anairudisha, anawatupa watu wa Mdhamini kwenye gugumaji ufukweni, wanatoka wamejaa majani vichwani. Kicheko cha ushindi. Kibuye, Adhiambo anasimulia. Inaanza kwa kicheko na kuishia kwa uso wa mgeni. Halafu barabara, jioni, taa za pikapu.

Utaona njia ya kwenda gizani na njia ya kutoka gizani hazina mwendo mmoja. Kutoka kwenye kicheko kwenda kwenye hofu unaweza kuruka: Iron Man inaanza na wanajeshi wakitaniana na Stark garini nchini Afghanistan, mmoja anataka picha, na picha haijaisha mlipuko unawafikia. Kutoka kwenye hofu kurudi kwenye kicheko lazima utembee. Baada ya barabara ya jioni usinipe mzaha sini inayofuata. Nipe maji ya kunywa, mtu akifunga kidonda, pikipiki ikikokotwa. Kisha ndipo mama aingie na habari za maombi.

Hatua ya 5: Kila mzaha wa hatarini ulipiwe

Aliyehudhuria ohangla, ngoma ya Wajaluo, anaijua pakruok, ule utaratibu wa kujisifu katikati ya muziki. Ngoma imepamba moto, mtu anataka kujisifu au kumsifu mwenzake. Muziki unasimama kwa ajili yake, lakini hapati jukwaa bure, anatoa pesa. Anajigamba, watu wanaangua kicheko, ngoma inarudi na nguvu mpya. Asiyetoa kitu na anasimamisha muziki kila dakika, watu humchoka.

Mzaha katikati ya pigano ni hivyohivyo. Umeisimamisha hofu niliyokuwa nayo, unalipa nini? Malipo yaweza kuwa siri inayofichuka, nafasi inayopotea, uhusiano unaobadilika. Black Panther, ambayo Kisumu iliizindua Februari 2018 huku babake Lupita Nyong'o akiwa gavana wa kaunti, ina mfano mzuri. Familia ya T'Challa imepanda milimani kuomba msaada ikiamini mfalme amekufa. M'Baku, kiongozi wa watu wa huko, anamtisha Ross, Mmarekani aliyeandamana nao, kwamba akisema neno jingine atawalisha wanawe nyama yake. Kimya. Kisha anafichua kwamba wao hawali nyama, anacheka mwenyewe. Mzaha huo umelipa: sasa tunajua M'Baku si mnyama tuliyemdhania, na tunajua ni yeye mwenye amri mle ndani. Msiba haukupungua.

Pima mizaha yako hivi: ifute, kisha usome sini tena. Kama hakuna kilichobadilika zaidi ya kicheko kupotea, haikulipa. Iache ile ya mchana, pale steji, ambako hakuna hatari na kucheka ni bure. Iondoe ile ya barabarani.

Hatua ya 6: Mwanga

Giza la picha na giza la hadithi ni vitu viwili. Mahojiano ya Batman na Joker kituoni yanaanza gizani, halafu taa zinawashwa zote, nyeupe pee, na ukatili unatokea mahali ambapo huna pa kuficha macho. Kinyume chake, filamu nyingi za siku hizi zimepakwa rangi nyeusi kiasi kwamba ukiitazama kwenye simu ya bei nafuu ndani ya matatu unajiona wewe mwenyewe kwenye kioo.

Kwa Ochieng' tuna bahati: hatari yake ni mwanga. Stima ikipotea mtaani Manyatta watu wengine wanalalamika, yeye anapumua. Kwa hiyo sini za kutisha ziwe na mwanga mwingi na mkali, na sini za upendo ziwe kwenye kivuli cha mwembe au kwa taa ya koroboi iliyowekwa juu kabisa, kivuli kikianguka miguuni.

Jua la hapa litakusaidia ukilijua. Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta, ila kwa vile tuko magharibi mwa nchi na tunatumia saa ileile ya Mombasa, jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Hufika karibu saa saba kasorobo. Sini ambazo kivuli kinapaswa kuwa chini ya nyayo zipange kati ya saa sita u nusu na saa saba. Mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini na kivuli karibu kinatoweka. Juni na Desemba hujitokeza ubavuni hata mchana, kwa hiyo usipange sini ya "leo hana kivuli" miezi hiyo. Vivuli virefu vinapatikana kuanzia saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa jua la Ikweta huzama upesi, una muda mfupi kuliko unavyofikiri. Fanya mazoezi ya sini hiyo siku iliyotangulia, mahali palepale. Msimu wa mvua ndefu mawingu hupenda kukusanyika alasiri. Kama hadithi yako inategemea kivuli cha jioni, weka siku za akiba.

Usiku, taa za gari zikiwekwa chini, karibu na ardhi, zinakupa kivuli kikubwa ukutani bila kompyuta. Kwa damu inayotoka kivulini usihangaike na ujanja wa programu: rangi nyekundu imwagwe polepole kwenye lami, kamera iwe chini, Ochieng' asionekane zaidi ya viatu.

Hatua ya 7: Sauti na lugha

Muziki wa kuambia watu "hapa cheka" uondoe wote. Sini ya mwiko ipige bila muziki. Sauti ya jikoni, sufuria na jirani anayeita mtoto, inatosha. Sini ya Kibuye nayo iache na kelele za soko, halafu pale uso wa mgeni unapoonekana punguza soko kidogo kidogo hadi ibaki sauti ya Adhiambo peke yake akiendelea kuchekesha. Hutahitaji ngoma ya kutisha.

Kama una mpiga nyatiti, mrekodi na mlipe. Nyuzi chache zinazorudiwa zinaweza kuchekesha zikipigwa haraka na kuumiza zikipigwa taratibu, na mtazamaji atazitambua hata asipojua amezitambua. Wimbo wa msanii anayejulikana usiutumie bila ruhusa yake.

Lugha pia ni toni. Steji wataongea Sheng na Kiswahili, nyumbani Dholuo kitaingia. Wacha iwe hivyo, weka maandishi chini. Ila usigeuze utaratibu kwamba Dholuo ni cha kulia na Sheng ni cha kucheka. Mama yetu anachekesha kwa zote mbili, na Ochieng' anapoomba msamaha barabarani anaweza kuomba kwa Sheng mbovu kabisa ikaumiza zaidi.

Hatua ya 8: Ipeleke kibandani kabla hujaimaliza

Kabla ya kusahihisha rangi, chukua toleo la kwanza ulipeleke kwenye kibanda cha video, siyo kwa marafiki zako wa filamu. Watu wa kibandani wamelelewa na DJ Afro, msimulizi wa filamu: wamezoea filamu nzito ikisimuliwa kwa utani juu yake, wanaweza kucheka mtu akifa na wakamwonea huruma adui. Hawatakupa pole. Ukiweza kuishika hadhira hiyo kimya kwa sekunde kumi, sini yako inafanya kazi.

Usiwaulize walionaje. Weka simu pembeni irekodi sauti ya chumba tangu mwanzo hadi mwisho. Ukirudi, iweke sauti hiyo chini ya filamu kwenye programu ya kuhariri, zikienda sambamba. Utaona mambo matatu. Mahali wamecheka hadi mstari unaofuata umezama: ongeza picha ya sekunde mbili hivi bila maneno. Mahali wamecheka na hukutaka: usikimbilie kukata, tazama sini iliyotangulia, mara nyingi umewatoa kwenye kicheko cha awali bila kuwafungia mlango. Na mahali pamesikika viti vikisogea na watu wakiulizana habari za mechi: hapo hisia imerudiwa.

Kuna jambo la nne ambalo halisikiki kwenye rekodi, nalo ni watoto. Kaa mahali unapoziona nyuso zao wakati Adhiambo anasimulia. Mtoto akigeuka kumtazama mwenzake kabla mgeni hajaonekana, ameshajua, na unaweza kufupisha sini.

Hatua ya 9: Daraja na trela

Filamu ya kuonyeshwa hadharani nchini lazima ipitie Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, na madaraja yake yanaanzia GE kwa watu wote, kisha PG (mtoto atazame kwa mwongozo wa mzazi), 16 na 18. Amua unalenga daraja gani ungali unaandika. Hadithi ya Ochieng' ningeiandika kwa lengo la PG, ili wenzake Adhiambo waweze kuiona. Maana yake damu ni ile ya lami tu, na msumari unapokaribia kivuli tunamtazama mama, si msumari. Logan ya 2017 ilipata nguvu yake kwa kujifungia kwa watu wazima, lakini ilikuwa imetanguliwa na filamu nyingi zilizomjenga shujaa wake, Wolverine. Wewe una dakika 18.

Trela ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Mtu wa mitandao atakuambia ukate sini ya mwiko peke yake, itasambaa kwenye WhatsApp kabla ya jioni. Itasambaa kweli. Kisha watu watakuja kutazama vichekesho, na ikifika barabara ya jioni watahisi wamedanganywa. Tumia sini ya mwiko, lakini imalizie pale ulipoimalizia kwenye filamu, kwenye tone la damu sakafuni na macho ya msichana. Usiweke muziki juu yake. Jina la filamu liingie baada ya hapo, kwa herufi nyeupe, na sauti ya sufuria ikiendelea kuchemka.